Kabla hujawasha taa ya UV juu ya bakteria: mambo ya kuzingatia

Kuwapiga bakteria kwa miale ya urujuanimno, yaani UV, kisha kuhesabu waliosalimika, ni jaribio linaloonekana jepesi mno. Taa, sahani za petri, saa ya kuhesabia sekunde, basi. Mimi lilinila miezi mitatu, na baadaye nikaona wenzangu wawili wakitupa sahani kwa mamia kwa kosa lile lile. Soma hadi mwisho ndipo uguse swichi.

Linda macho na ngozi. Vaa kinga ya uso mzima, glavu, na koti la mikono mirefu. Jicho lililopigwa na UV haliumi papo hapo. Huanza kuuma saa kadhaa baadaye kana kwamba limemwagiwa mchanga.

Vua kifuniko cha sahani. Plastiki na kioo cha kawaida huzuia miale ya nanometa 254, na hiyo ndiyo inayotoka kwenye taa za kuulia vijidudu. Washa taa mapema itulie. Pima umbali kutoka kwenye taa, uandike, usiubadilishe. Waoshe bakteria, wachanganye kwenye maji ya chumvi, tandaza tabaka jembamba, tikisa wakati wa kupiga. Kimiminika cha lishe hunyonya miale kabla haijawafikia, kwa hiyo usipige ndani yake.

Jua pia ni jeraha gani unalotengeneza, maana kila kimeng'enya kina jeraha lake. UV huunganisha besi mbili, yaani herufi mbili za DNA, zilizo jirani kwenye uzi mmoja, mara nyingi thaimini na thaimini, zikawa pacha walioshikamana. Pacha hao huitwa dimeri. Ukitaka kuchunguza Ung, kimeng'enya kinachong'oa urasili iliyoingia DNA pasipo mahali pake, taa hii haitakusaidia. Vivyo hivyo protini MutS, anayepita akitafuta herufi zilizokosea mwenzi wakati wa kunakili. MutS na mwenzake MutL wakishaliona kosa, protini ya tatu, MutH, hukata uzi mpya, anaoutambua kwa kuwa bado haujatiwa alama ya methili kwenye herufi GATC. Ni kazi nzuri ajabu, lakini si kazi ya jaribio hili.

Sasa lile lililoniponza: mwanga.

Nilikuwa napiga E. coli, bakteria wa utumbo, wa aina moja, dozi moja, taa moja. Leo koloni, yaani vijidoa vya bakteria walioota, za kuhesabu kwa vidole, kesho sahani imejaa. Nililaumu pipeti, nikabadilisha. Nililaumu agari, nikapika upya. Nikashuku taa, nikaipima, ikawa salama. Nilianza kujishuku mwenyewe, na hapo ndipo nilipokuwa karibu kuacha. Mtu mmoja mzoefu wa maabara akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza swali moja tu: "Ukishapiga, sahani unaziweka wapi?" Nikamwonyesha: mezani, zimepangwa juu kwa juu, kando ya dirisha, zikisubiri wenzake zimalizike. Akauliza tena: "Na ya juu kabisa kwenye rundo, ndiyo yenye koloni nyingi?" Nikafungua daftari. Ndiyo. Karibu kila siku, ya juu ilizidi za chini, na siku za jua kali zilizidi siku za mawingu. Nilikuwa nimeandika majibu yangu mwenyewe kwa miezi mitatu bila kuyasoma.

Jioni ile ile nilipiga kundi moja, nikaligawa mara mbili. Nusu nikaifunga kwa karatasi ya alumini, nusu nikaiacha chini ya taa nyeupe. Kesho yake zilizofungwa zilikuwa karibu tupu. Zile nyingine zilikuwa zimechanua.

Mwenye kufanya hivyo ni kimeng'enya kiitwacho fotolaizi. E. coli mmoja hana nyingi, molekuli kama 10 hadi 20 tu, lakini zinatosha kukuharibia hesabu. Fotolaizi huitambua dimeri kwa umbo: pale pacha waliposhikamana, DNA hupinda na kulegea, na kimeng'enya hukaa juu ya kilema hicho, kikaipindua dimeri nje ya ngazi ya DNA na kuitia kwenye mfuko wake. Hatua hii haihitaji mwanga hata kidogo. Kwa hiyo sahani yako ikiwa gizani, fotolaizi tayari imeshika jeraha, inangoja. Mwanga wa buluu ukigusa tu, kiungo kidogo kinachonasa mwanga hupeleka nguvu yake kwa FAD, molekuli saidizi iliyo ndani ya kimeng'enya, elektroni moja huruka hadi kwenye dimeri, vifungo vinakatika, elektroni inarudi ilikotoka. Yote hayo ndani ya muda wa takriban sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Uzi wa DNA wenyewe haukatwi wala kujazwa. Besi zinarudi kama zilivyokuwa. Na kioo cha dirisha, kinachozuia UV ya taa yako, hupitisha mwanga wa buluu bila shida.

Nilipokuja kusoma historia yake nilitulia kidogo. Albert Kelner, akifanya kazi Cold Spring Harbor huko Marekani, alisumbuliwa na jambo hili hili kwa bakteria Streptomyces griseus: matokeo yasiyotulia, akidhani ni joto, mpaka akagundua ni mwanga. Alichapisha mwaka 1949, na mwaka huo huo Renato Dulbecco akaeleza jambo kama hilo kwa virusi vinavyoshambulia bakteria. Tofauti ni kwamba Kelner aliyumbishwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua. Wewe unakijua, kwa hiyo huna udhuru.

Basi fanya hivi. Zima taa za chumba, fanya kazi chini ya taa hafifu nyekundu au ya njano. Funga kila sahani kwa alumini mara tu inapotoka kwenye taa, usisubiri za mwisho. Atamisha gizani. Na siku zote acha sahani moja kwenye mwanga kwa makusudi, ujionee fotolaizi ya aina yako ina nguvu kiasi gani. Ukiwa na aina isiyo na phr, jeni ya kutengeneza fotolaizi, mwanga na giza vitakupa hesabu zinazokaribiana. Hiyo ndiyo njia ya kuthibitisha kwamba kinachokusumbua ni fotolaizi na si kitu kingine.

Usidhani giza limezima ukarabati wote, maana hapa ndipo wengi hujikwaa mara ya pili. Kuna kikosi cha protini UvrA, UvrB na UvrC, na chenyewe hakijali mwanga. Hakitafuti dimeri kwa jina lake. UvrA hupapasa DNA ikitafuta popote umbo lilipoharibika, humkabidhi UvrB anayehakiki kwa kupenyeza kidole cha protini kati ya nyuzi mbili, na kama jeraha ni la kweli, UvrC hukata pande zote mbili. UvrD huondoa kipande cha herufi 12 au 13, polimerasi ya kwanza, kimeng'enya kinachojenga DNA, hujaza pengo, ligasi hushona. Kwa sababu hii weka aina ya kawaida na aina yenye kasoro ya uvrA, jeni ya UvrA, katika jaribio moja, siku moja, kundi moja la agari. Aina iliyokosa uvrA na recA, jeni nyingine ya ukarabati, kwa pamoja huuawa na dimeri moja au mbili kwenye DNA yote yenye jozi za herufi milioni 4.6, kwa hiyo dozi unayotumia kwa aina ya kawaida itaifuta kabisa. Anza na sekunde chache sana, na umbali mkubwa.

Usihesabu koloni mapema. Bakteria waliojeruhiwa huwasha mwitikio wa SOS: protini RecA humfanya LexA, protini inayofunga jeni za ukarabati, ajikate, jeni za ukarabati hufunguka, na mojawapo, sulA, huzuia seli kugawanyika ili ipate nafasi ya kujitengeneza. Seli hurefuka kama uzi, koloni huchelewa. Hesabu siku ya kwanza, hesabu tena siku ya pili.

Waliosalimika usiwarudishe kwenye akiba. Katika SOS hutumika pia polimerasi ya tano, inayopita juu ya jeraha kwa kubahatisha herufi, na wengi wao hubeba makosa mapya. Chukua akiba safi kila mara. Andika tarehe, saa, hali ya hewa pia, ndiyo, hata hali ya hewa. Angalia taa ya ndani ya jokofu. Na kama kiatamizi chako kina mlango wa kioo, kifunike.