Unatuma pampu ya ndege nje ikatengenezwe? Angalia siriali namba (namba ya utambulisho ya kipuri chenyewe) kwanza

Wale mnaohangaika na vipuri vya ndege, kuna kitu kidogo kinatuponza sana. Ukituma kipuri kikatengenezwe, tuseme pampu ya mafuta ya Cessna Caravan inaenda Marekani, usikubali wakala wa forodha akuandikie kama mzigo uliouzwa, mwambie aweke eksipoti ya muda kwa ajili ya matengenezo, yaani kinatoka na kitarudi, na pati namba (namba ya aina ya kipuri) na siriali namba zikae kwenye hati ya forodha yenyewe sio kwenye invoisi tu, maana kikirudi afisa atataka kuona ndio kile kile kilichotoka, la sivyo unahesabiwa umeingiza mali mpya. Mimi yalinikuta, kibao cha namba kwenye pampu kinasoma 8, watu wa stoo wakaandika B, pampu ikakaa bondi (ghala la forodha) siku tisa na ndege imelala hanga. Siku hizi napiga picha kile kibao kabla boksi halijafungwa.

Invoisi weka thamani ya kweli, hii tabia ya kuandika dola 1 inawatia tu watu wa forodha shaka. Mstari mmoja thamani ya kipuri, mwingine gharama ya fundi.

Halafu mafuta jamani! Pampu yenye mabaki ya mafuta ndani inaangukia kwenye mizigo ya hatari kwa kanuni za IATA (chama cha mashirika ya ndege duniani), kwa hiyo imwage, isafishe, ziba matundu yote, halafu wakala aambiwe ukweli. Chupa ya oksijeni usiichanganye humo kabisa.

Ikirudi fungua fomu 8130-3 (cheti cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kinachoonyesha kipuri kinafaa kutumika) kabla hujasaini kupokea, usome siriali herufi kwa herufi.