SOMO: Ruzuku ya shule ya msingi, kuanzia inapoingia benki hadi mkaguzi anapofunga faili

Kila mwezi napigiwa simu na walimu wakuu, wapya kwa wakongwe, swali ni lile lile: "Fedha imeingia, naanzia wapi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii. Ni kwa shule za serikali, Tanzania Bara.

Hesabu kwanza. Kiwango ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sh 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, sh 6,000 ndiyo inayokuja shuleni, na tangu Januari 2016 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa mwezi ni sh 500 kwa mtoto. Shule ya watoto 640 itegemee sh 320,000. Ndiyo, ni ndogo. Lakini mkaguzi hana hoja ndogo (hoja ni dosari ya kujibiwa) kwa fedha ndogo.

1. Chukua taarifa ya benki, ingiza mapato kwenye daftari la fedha na kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za vituo kama shule.

2. Fungua bajeti uone kifungu, yaani fungu la matumizi. Kama chaki hazimo kwenye kifungu cha ukarabati, hazimo: usizinunue kwa fedha ya kifungu hicho.

3. Kikao cha Kamati ya Shule. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo soma taratibu. Wewe mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, siyo kamati. Muhtasari useme nini kinanunuliwa, kiasi gani, kutoka kifungu kipi, na uwe na saini ya mwenyekiti na orodha ya mahudhurio. Halafu TAREHE. Nimeshika mafaili ambayo risiti ya bati ni ya tarehe 12 na muhtasari unaoidhinisha bati ni wa tarehe 19. Bati zipo, zimeezekwa, mvua haivuji, na bado ni hoja, kwa sababu karatasi zinasema ulitumia fedha kwanza ukaomba ruhusa baadaye. Mfuatano ni huu: muhtasari, profoma (bei ya muuzaji kwa maandishi kabla ya kununua), oda, mzigo na hati ya mapokezi, ankara, hati ya malipo, malipo, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Tarehe zishuke kwa mpangilio huo huo. Na msijaribu kutunga muhtasari usiku wa kuamkia ukaguzi: wajumbe huulizwa mmoja mmoja, na kuna mzee atakayesema siku hiyo alikuwa msibani.

4. Manunuzi ni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao.

5. Mzigo upokelewe na walimu wengine, siyo wewe uliyeagiza. Uingie kwenye leja ya stoo kabla ya kugawiwa.

6. Mwisho wa mwezi fanya usuluhishi wa benki, yaani linganisha daftari lako na taarifa ya benki, kisha bandika mapato na matumizi ubaoni, mahali mzazi anapofika. Ubao wa ndani ya ofisi yako hauhesabiki.

MASWALI

Chaki_Moja: Mkuu, naomba unielekeze, fedha ikiingia naanzia wapi?

Namba 1.

Mwl_wa_Porini: Huku kwetu wafanyabiashara hawana EFD. Tufanyeje, tusinunue?

Sikusema msinunue. Unganisha mahitaji ya miezi miwili mitatu, ununue mara moja kwa mwenye mashine. Nauli ya safari moja ni nafuu kuliko hoja tatu.

Mama_Stoo: Samahani mwalimu, wanafunzi wetu wameongezeka sana mwaka huu ila fedha ni ile ile. Tunapunjwa?

Swali zuri dada. Ruzuku inafuata takwimu zilizopelekwa, siyo watoto waliokaa kwenye madawati leo. Linganisha rejista na takwimu mlizowasilisha halmashauri. Zikipishana, rekebisheni takwimu na muandike barua kupitia Afisa Elimu Kata, nakala ibaki faili la shule. Gawanya pia kiasi kilichoingia kwa 500, utaona wanawahesabia watoto wangapi.

Jembe_la_Kata: Mambo mengi haya ni urasimu tu. Mimi nanunua, naweka risiti, basi.

Sawa mkuu. Siku ya kujibu hoja usinipigie.

Mama_Stoo: Na fundi wa kuziba nyufa, asiye na risiti?

Makubaliano ya maandishi kabla ya kazi, kamati iyajue. Akimaliza, walimu wawili wakague na kusaini, naye asaini kupokea, na namba ya kitambulisho chake iandikwe.

Kidole_Gumba: Risiti zangu za EFD za mwaka juzi zimekuwa karatasi nyeupe tupu. Zilikuwa na maandishi, naapa.

Naamini. Karatasi ile hufutika kwa joto na mwanga. Toa nakala siku hiyo hiyo, ubane nakala na risiti halisi pamoja nyuma ya hati ya malipo. Usipitishe gundi juu ya maandishi, inayala.

Mama_Stoo: Zangu ziko kwenye faili dirishani!

Zihamishie kabatini leo, dada, na zile ambazo bado zinasomeka zitolewe nakala kwanza.