Kujifungua kwa oparesheni: jinsi ya kujiandaa na jinsi ya kunyanyuka kitandani siku ya kwanza

Dada zangu wajawazito, hasa wewe ulieambiwa juzi kwamba mtoto katanguliza makalio au kondo la nyuma limeziba njia na itabidi upasuliwe, njoo tuongee taratibu. Mimi nimejifungua kwa kisu mara mbili, ya kwanza ya dharura na ya pili ya kupangiwa tarehe, na kilichonitesa ile ya kwanza sio kisu chenyewe, ni kwamba nilirudishwa wodini sijui hata nageukaje kitandani. Sitaki na wewe yakukute.

Kwanza ondoa kichwani ile habari ya kwamba umeshindwa kuzaa. Umezaa. Duniani mtoto zaidi ya 1 kati ya 5 anazaliwa hivi hivi, sababu presha ya mimba imepanda, au mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, au uchungu umekaa masaa na njia haifunguki. Ila nisikufiche, ni oparesheni kubwa ya tumbo, ina damu kupotea, ina maambukizi, ina damu kuganda miguuni, kwa hiyo kama hujapewa sababu ya kueleweka uliza, na uliza tena mpaka uelewe.

Ukipangiwa tarehe, swali la kwanza ni wiki ngapi. Kama hakuna haraka yoyote kwako wala kwa mtoto, kawaida husubiriwa wiki ya 39, manake mtoto tumboni mapafu yake yamejaa maji, uchungu ndio unasaidia kuyaondoa, sasa huyu wa kutolewa bila uchungu tena mapema anaweza kuanza kuhema haraka haraka na akapelekwa chumba cha uangalizi. Ikibidi atoke kabla ya muda, uliza kuhusu sindano za kukomaza mapafu.

Chakula kigumu unaacha masaa 6 kabla, maji matupu mara nyingi unaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, ila fuata ulivyoelekezwa pale unapojifungulia. Hii usiidharau, ukitapika ukiwa kwenye dawa chakula kinaweza kuingia mapafuni. Oga vizuri, toa rangi ya kucha, na tafadhali usijinyoe na wembe nyumbani, vile vijichubuko vidogo ndio mlango wa wadudu, kama kuna haja ya kupunguza nywele watakupunguza wenyewe. Taja kila dawa unayotumia na kila dawa inayokudhuru.

Thieta utakaa umejikunja kama unakumbatia mto, unachomwa ganzi mgongoni, miguu inakuwa ya moto halafu mizito. Unakuwa macho. Utasikia kuvutwa na kukandamizwa ila sio kukatwa, ukisikia maumivu ya kukatwa sema kwa sauti. Kichefuchefu na kutetemeka vinatokea sana, presha inakuwa imeshuka au ni dawa tu, mwambie mtu wa ganzi hapo hapo. Mtoto anatoka ndani ya dakika chache tu, kushona ndio kunakula muda, jumla kama saa 1 hivi. Waambie mapema, kabla hamjaingia, kwamba mtoto akiwa salama unataka awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, inampa joto na inasaidia maziwa kuanza.

Sasa hapa pa kunyanyuka ndio naomba usome mara mbili. Ganzi ikiisha na nesi akikuruhusu, amka siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, usilale kusubiri maumivu yaishe, kulala ndiko kunakogandisha damu miguuni. Omba dawa ya maumivu kama nusu saa kabla. Usinyanyuke kwa kuvuta tumbo mbele. Kunja magoti, geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, bega na nyonga vinaenda wakati mmoja, shusha miguu ining'inie pembeni ya kitanda, halafu sukuma godoro kwa mkono na kiwiko mpaka ukae. Kaa hapo pumua, kichwa kikizunguka usisimame. Ukisimama utatamani kuinama kulinda mshono, nyooka kidogo kidogo, shika mto tumboni na mkono mwingine umshike mtu. Hatua tano zinatosha kwa kuanzia. Mto huo huo ndio unaukandamiza kwenye mshono ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, ni kitu kidogo lakini kinaokoa jamani.

Kunyonyesha, mbebe mtoto kwa ubavuni miguu yake ikitokea chini ya kwapa lako, au nyonyesha umelala ubavu, hapo hakugusi mshono. Maziwa yakichelewa siku moja mbili usikate tamaa, yale ya mwanzo ya njano hata matone yanamtosha, mnyonyeshe mara kwa mara. Paracetamol na ibuprofen kwa kawaida hazina shida kwa anaenyonyesha, kodeini ndio ya kuepuka.

Nyumbani usibebe kitu kizito kuliko mtoto kwa wiki 6, hata kama ngozi imeshafunga, ndani bado. Mshono unaosha kwa maji na sabuni ya kawaida, unakausha kwa kugusa gusa sio kusugua, usipake chochote ambacho hujaandikiwa. Rudi hospitali bila kusubiri kesho ukiona homa ya 38 kwenda juu, usaha au mshono kuachia, pedi inalowa chapa ndani ya saa 1, mguu mmoja umevimba na unauma, kifua kinabana, au kichwa kinauma vibaya, iwe kile cha kuzidi ukikaa na kupungua ukilala ambacho huwa kinatokana na ile sindano ya mgongo, au kile cha kuja na macho kuona ukungu ambacho kinaweza kuwa presha. Na mtoto akikataa kunyonya, akihema kwa shida au akiwa wa moto, ni hivyo hivyo.

La mwisho watu wengi hawaliulizi. Kovu unaloliona kwenye ngozi halikuambii kizazi kilikatwaje ndani. Kama kilikatwa kwa mlalo chini, mimba ijayo unaweza kuruhusiwa kujaribu kawaida, na karibu 7 kati ya 10 wanaojaribu wanafanikiwa, hatari ya kovu kupasuka wakati wa uchungu ipo, kama 1 kati ya 200, ndio maana ni hospitali yenye thieta tu. Kama kilikatwa kwa wima hatari ni kubwa zaidi na mara nyingi utashauriwa oparesheni tena. Kila kisu kinachoongezeka kinaongeza pia uwezekano wa kondo kujishika kwenye kovu. Na ili kovu lipate muda wa kupona, jipe angalau mwaka mmoja na nusu kabla ya kushika mimba nyingine. Siku ya kuruhusiwa omba waandike kwenye karatasi yako sababu ya oparesheni na aina ya mkato, ipige picha kabla hujatoka wodini, mtumie na mtu mmoja unaemuamini.