Vua pete kabla ya kugusa zebaki

Kipimajoto cha zebaki kikipasuka, kabla hujainama kuokota chochote, vua pete, bangili na saa. Zebaki humeza dhahabu na fedha. Tone dogo tu likigusa pete, pale pale panageuka kijivu kinachong'aa, na ukisugua kwa kitambaa ndiyo kwanza doa linatanuka. Huo si uchafu tena, ni amalgamu: zebaki imeshikamana na dhahabu yenyewe.

Kosa baya kuliko yote ni kuichoma pete jikoni ili doa litoke. Litatoka kweli, maana zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na hutoa mvuke hata kabla ya hapo. Lakini mvuke huo hauonekani, haunuki, na unakwenda moja kwa moja mapafuni. Ndiyo sumu ile ile inayowaumiza wachimbaji wadogo wanaochoma amalgamu ili wabaki na dhahabu. Ifungie pete kwenye chupa yenye kifuniko, umwambie sonara kilichotokea kabla hajawasha moto wake.

Alumini nayo usiiache karibu. Zebaki huivunja ngozi yake ya kinga, kisha alumini hiyo huota unga mweupe kama manyoya. Mhandisi wa ndege za alumini akisikia zebaki imemwagika ndani, hacheki. Chuma cha pua na chuma cha kawaida havina neno, na zebaki ya viwandani husafirishwa kwenye mitungi ya chuma.

Fungua madirisha, halafu matone yasukume kwa karatasi ngumu. Ufagio huyatawanya tu.