CT au MRI: mgonjwa wako wa kichwa apigwe ipi?

Ndugu wa wagonjwa wakinishika mkono kwenye korido, wengi huanza na hili: "Dada, si bora tumpeleke akapigwe MRI moja kwa moja, maana ndiyo kubwa?" Mimi ni mtaalamu wa mionzi hapa Tabora, kazi yangu ni kupiga hizo picha, na nimechoka kujibu swali hilo nikiwa nimesimama huku mgonjwa yuko kwenye machela. Leo nalijibu nikiwa nimekaa.

Hakuna kubwa wala ndogo. Kuna swali la daktari, na kuna saa. Daktari anatafuta nini ndani ya fuvu, na tatizo lilianza lini? Ukishayajua hayo mawili, mashine karibu inajichagua yenyewe.

CT hutumia eksirei. Bomba la mionzi linamzunguka mgonjwa na kompyuta inajenga picha ya kichwa kipande kwa kipande. Kupiga kwenyewe ni sekunde chache. Muda mwingi unakwenda kumhamisha mgonjwa kutoka machela hadi mezani na kumbembeleza atulie. Mtu wa kwanza kupigwa kichwa kwa mashine hii alikuwa mwanamke mmoja, London, mwaka 1971. Aliyeitengeneza ni Godfrey Hounsfield, Mwingereza, lakini hesabu zake zilikuwa zimeshafanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeanza kuliwaza jambo hilo akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 wakagawana Tuzo ya Nobel. Wanafunzi wanaokuja mazoezini huwa nawasimulia habari hiyo ya Cape Town, maana wamezoea kudhani kila kitu kimetoka mbali.

MRI haina eksirei hata chembe. Ni sumaku yenye nguvu, mara nyingi ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), pamoja na mawimbi ya redio. Kichwa huchukua dakika 20 hadi 45, mgonjwa amelala ndani ya tundu bila kutikisika, na kelele zake ni kama mafundi wanapigilia bati la paa nawe uko chini yake. Inatofautisha nyama za ubongo kwa undani ambao CT haiufikii. Lakini mgonjwa anayetapatapa, anayetapika au asiyejitambua utamlazaje humo dakika 40?

Pale CT inapotangulia

Ajali kwanza, na Tabora ajali maana yake ni bodaboda. Damu mbichi ndani ya fuvu hung'aa nyeupe kwenye CT, na mfupa uliopasuka huonekana wazi. Mtu aliyepoteza fahamu, aliyetapika zaidi ya mara moja, anayetokwa na damu au majimaji masikioni au puani, aliyezungukwa na weusi machoni, aliyepata degedege baada ya kuanguka, mwenye miaka 65 kwenda juu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini: huyo usimpandishe basi akatafute MRI. Apigwe CT iliyo karibu kuliko zote, tena mapema. Akikutwa na damu inayokandamiza ubongo, hilo ni jambo la kupasuliwa, na kila saa ina thamani yake.

Kiharusi nacho ni hivyo hivyo. Mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki: daktari anataka kujua kitu kimoja haraka, je, mshipa umeziba au umepasuka? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na akipewa mtu ambaye mshipa wake umepasuka inaweza kumuua. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani mwandike saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Andikeni "saa 2 usiku" kwa kirefu, msiandike "2" tupu, maana kwenye fomu mwingine ataisoma kuwa saa nane. Kama aliamka asubuhi akiwa hivyo, saa inayohesabiwa ni ile aliyokwenda kulala mzima, siyo ile mliyomkuta.

Hapa watu wengi hudanganyika. CT ya kiharusi ikitoka "safi" saa mbili tatu baada ya mdomo kupinda, msishangilie na wala msiseme mashine ni mbovu. Kiharusi cha mshipa kuziba mara nyingi hakijitokezi kwenye CT saa za mwanzo. Kilichokuwa kikitafutwa ni damu, na jibu "hakuna damu" ni jibu kamili. MRI ingekiona kiharusi hicho mapema sana, hata ndani ya dakika chache, ila kama iko Mwanza na mgonjwa yuko Tabora, matibabu hayaisubiri.

Kuna mzee mmoja wa Sikonge, mrina asali, nitamtumia kama mfano kwa sababu familia yake ilikaribia kufanya kinyume. Alianguka kutoka kwenye mti akipandisha mzinga. Akainuka, akajipangusa, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Wiki tatu baadaye akaanza kulalamika kichwa, akasahau majina ya wajukuu, mguu wa kulia ukawa unaburuta. Nusu ya ndugu walisema karogwa, nusu wakasema kiharusi, na kijana wake aliyekuja kutoka Dar alikuwa ameshachangisha hela ya MRI. Daktari akaandika CT. Nilipoitazama kwenye skrini, ukanda wa kijivu ulikuwa umelala upande wa kushoto kufuata mviringo wa fuvu, umeusukuma ubongo mpaka mstari wa katikati umehama. Ilikuwa damu iliyovuja polepole tangu siku ile ya mti. Damu ya namna hii huondolewa kwa kutoboa fuvu na kuimwaga, na wengi hurudi kutembea. Kwa mzee aliyeanguka, hata kama ni mwezi mmoja uliopita na nyote mmeshasahau, mtajieni daktari hilo anguko.

Pale MRI inapostahili safari

Kifafa kilichoanza ukubwani, au kinachoanzia upande mmoja wa mwili, au kisichotulia kwa dawa: MRI huona kovu dogo ambalo CT inalipita. Uvimbe unaoshukiwa, na kila uvimbe unaokwenda kufanyiwa upasuaji, daktari wa upasuaji atataka kuuona kwa MRI. Mwanamke anayetoka maziwa bila kunyonyesha na kuona kwake kwa pembeni kunapungua, huenda shida iko kwenye tezi ya pituitari, kitu chenye ukubwa wa punje ya harage. Hapo CT ya kawaida haitoshi. Sehemu ya nyuma na chini ya ubongo pia, kwa sababu mifupa minene ya pale huitia CT mistari na vivuli. Na mtu anayeishi na VVU aliyeanza kuchanganyikiwa au kupooza upande, CT yenye kontrasti (dawa ya mshipani, nitaieleza chini) inaweza kuanza, ila mara nyingi MRI ndiyo inayofafanua.

Minyoo ya nguruwe inayoingia kichwani inahitaji maneno yake, maana ni chanzo cha kifafa ambacho tunakutana nacho. Vifuko vya minyoo hiyo vya zamani vilivyokwisha kufa na kuwa kama chokaa, CT inavionyesha vizuri kuliko MRI. Vilivyo hai, MRI inavionyesha vizuri kuliko CT. Kwa hiyo daktari akikuandikia ya pili baada ya ya kwanza, usimwone anakula hela yako kabla hujamuuliza anatafuta nini.

Na pale ambapo hata moja haihitajiki kwanza: mtoto mwenye homa na degedege apimwe malaria na sukari kwanza, na ikishukiwa homa ya uti wa mgongo atolewe maji ya mgongoni. Kichwa cha siku nyingi kinachokuja na kuondoka kwa namna ile ile, bila udhaifu wa mkono wala mguu, bila kutapika alfajiri, bila macho kufifia, mara nyingi hakihitaji picha. Pimeni presha.

Mambo ya kusema kabla ya kuingia

Kwenye MRI nitakuuliza habari za chuma mpaka unichoke. Betri ya moyo, klipu iliyowekwa kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, risasi au kipande cha bomu kilichobaki mwilini. Fundi wa kuchomelea mageti namuuliza mara tatu kama amewahi kurukiwa na cheche jichoni, kwa sababu chembe ya chuma iliyolala humo miaka kumi inaweza kusogezwa na sumaku na kuharibu jicho. Akisita, anapigwa eksirei ya macho kwanza. Wigi na rasta zenye vibanio, kope za sumaku, shanga zenye waya, vyote vivuliwe. Hirizi pia. Najua inafungwa kwa siri na haitajwi mbele ya watu, kwa hiyo niambie pembeni. Sina maneno nayo, ila kama ina chuma ndani itavutwa, na hata ya shaba inaweza kupata moto na kukuunguza.

Kontrasti ni dawa ya mshipani inayofanya uvimbe au maambukizi yajitokeze. Ya CT ina madini ya joto, ya MRI ina gadolini. Mwenye figo dhaifu, mwenye kisukari anayemeza metformini, aliyewahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya sindano ya picha, aseme mapema ili figo zipimwe au mpango ubadilishwe. Picha ya ajali na ile ya kwanza ya kiharusi hazihitaji kontrasti.

Mjamzito aseme pia. CT ya kichwa humfikishia mtoto tumboni mionzi kidogo mno, kwa hiyo kama mama yuko hatarini asinyimwe. Kama kuna nafasi ya kusubiri, MRI bila gadolini ni chaguo zuri. Kwa mtu mzima, CT moja ya kichwa ni karibu milisiveti 2, chini kidogo ya mionzi ya asili ambayo mtu hupata duniani kwa mwaka mzima. Haitishi, lakini kwa mtoto isipigwe tena na tena kwa kuondoa wasiwasi tu. Mtoto mdogo kwenye MRI huenda akalazwa usingizi kwa dawa, basi muulize mapema aache kula saa ngapi.

Barua na safari

Fomu iliyoandikwa "CT kichwa, maumivu" hainisaidii mimi wala atakayeisoma picha. Muombe daktari aandike kitu kama hiki: mwanaume miaka 62, alianguka wiki tatu zilizopita, anasahau, mguu wa kulia umelegea, je, kuna damu juu ya ubongo? Ni haki yako kuuliza, "Daktari, picha hii ikitoka hivi au vile, matibabu yatabadilikaje?" Akikujibu vizuri, kapige. Akikosa jibu, subiri kwanza mzungumze.

Kama ni MRI, kutoka hapa wengi hukamata njia ya Nzega na Shinyanga kwenda Mwanza, au ya Itigi na Manyoni kwenda Dodoma, wengine mpaka Dar. Pigeni simu kabla ya kukata tiketi: mashine inafanya kazi leo? Foleni ni ya siku ngapi? Bima inataka kibali kabla? Bei ni pamoja na kontrasti na ripoti? Mashine hizi huharibika, na kulala stendi na mgonjwa wa kichwa ni adhabu. Anayesindikiza awe yule aliyemwona mgonjwa siku dalili zilipoanza, hata kama siye mwenye hela.

Ukimaliza, dai ripoti iliyoandikwa pamoja na sidii. Filamu pekee ina vipicha vichache vilivyochaguliwa, wakati sidii ina vyote, na daktari wa rufaa atataka kuvipitisha mwenyewe. Beba na picha za zamani, hata ile iliyotoka safi, maana kulinganisha ndiko kunakoonyesha kitu kinakua au kimetulia. Kisha soma ripoti pale pale: kama haijibu swali lililoandikwa kwenye barua, rudi dirishani ukaulize siku hiyo hiyo, kabla hujapanda gari la Kaliua.