Namna ya Kuanza Kazi ya Kusaka Viongozi wa Kampuni

Bodi ya kampuni inapotupatia sisi wasakaji kazi ya kuitafutia mkurugenzi mtendaji au mkuu wa fedha, mara nyingi anayefaa hatafuti kazi. Ametulia alipo na matangazo ya ajira hayasomi. Lazima afuatwe.

Hatua ya 1: Anzia kwenye utafiti. Unapewa sekta moja, unachambua kila kampuni: nani anaongoza kitengo gani, yuko chini ya nani, alitokea wapi. Orodha ndefu huchujwa mpaka wabaki 4 au 5 wa kupelekwa kwa mteja. Usiharakishe kutoka hapa.

Hatua ya 2: Jifunze simu ya kwanza. Hapa ndipo kazi ilipo. Kabla ya lolote uliza, "Unaweza kuongea sasa?" Huenda bosi wake amekaa meza ya pili. Akisema hapana, omba saa nyingine na ukate. Jina la mteja usilitaje. Usimuulize kama anataka kazi. Mweleze nafasi yenyewe, kisha muulize anamfahamu nani anayeiweza. Akikaa kimya kidogo halafu akauliza, "Huyo mtu ataripoti kwa nani?" ujue ameanza kujifikiria mwenyewe. Mwache aongee, na uandike maneno yake vilevile alivyoyatamka.

Hatua ya 3: Elewa mkataba. Ada iliyozoeleka ni theluthi ya malipo ya mwaka wa kwanza ya atakayeajiriwa, kwa awamu 3. Egon Zehnder, kampuni ya kusaka viongozi iliyoanzishwa Zurich, Uswisi, mwaka 1964, ilichagua ada isiyotegemea mshahara, ili msakaji asipate faida mshahara ukipanda. Mimi naiunga mkono hoja hiyo. Soma pia kifungu kinachokukataza kuwachukua wafanyakazi wa mteja wako. Mara nyingi hudumu mwaka 1 au 2.

Hatua ya 4: Wape jibu waliokosa nafasi. Nikiwa mgeni kwenye kazi, nilimwacha mama mmoja wiki 3 bila jibu baada ya usaili wa mwisho. Habari za aliyepata nafasi alizisikia kwa watu. Nilikuwa naona vibaya kumpa habari mbaya, na kwa kunyamaza nikamuumiza zaidi. Sasa nampigia simu mwenyewe aliyekosa siku ileile bodi inapoamua, na namweleza waziwazi walichokiona kimepungua.