Pasaka ya parokia wakati wa mlipuko wa ugonjwa: maandalizi yetu huku Njombe

Kabla hujanunua ndoo hata moja ya kunawia, lizunguke kanisa lenu ujaribu kufungua madirisha yote. Huku nyanda za juu tunajenga tukiwaza baridi, na Aprili mvua bado zinanyesha, kwa hiyo madirisha hufungwa mwaka mzima mpaka bawaba zinashika kutu na rangi inayagandisha kwenye fremu. Mwite fundi wiki ya kwanza ya Kwaresima. Atie mafuta, abadilishe bawaba zilizokufa, aweke na ndoano za kushikilia, dirisha lisijipigize katikati ya Injili. Corona, kama magonjwa mengine ya njia ya hewa, huenea kwa urahisi ndani ya jengo lililofungwa lenye watu wengi wanaoimba, na kanisa letu siku ya Pasaka ndivyo lilivyo. Ndoo inafaa na nitaifikia, lakini dirisha linatangulia. Watangazieni watu waje na masweta na mablanketi. Baridi ya muda wa saa moja na nusu inavumilika.

Nayaandika haya kwa wenzangu wa kamati za liturujia na halmashauri walei. Mimi ni mwenyekiti wa kamati hiyo katika parokia moja ya Jimbo la Njombe, na najua maswali hutufikia sisi kabla hayajamfikia paroko. Pasaka ya 2020 ilikuwa 12 Aprili, hata mwezi haujatimia tangu mgonjwa wa kwanza nchini atangazwe 16 Machi. Shule zilifungwa, nyumba za ibada zikaachwa wazi, ingawa Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisimamisha Misa za hadhara jimboni kwake. Ya 2021 ilikuwa nzito zaidi, na kwa mambo mengi. Januari Baraza la Maaskofu, chini ya Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, lilitutahadharisha juu ya wimbi jipya. Jumapili ya Matawi ikaangukia 28 Machi, siku mbili baada ya Rais Magufuli kuzikwa Chato. Jumanne ya Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, 6 Aprili, tukafiwa na Askofu wetu Alfred Maluma. Kisha Machi 2023, tukiwa tena katika Kwaresima, tukasikia Marburg imeingia Kagera. Ndiyo maana siyahesabu haya kuwa mambo yaliyopita.

Jueni kwanza kinachoruhusiwa

Ibada ya Kanisa haipunguzwi kwa akili ya mtu mmoja. Machi 2020 Vatikano ilitoa maelekezo ya Pasaka wakati wa Corona: Pasaka haiahirishwi, kuosha miguu Alhamisi Kuu kuachwe, Ekaristi ihifadhiwe katika tabernakulo bila maandamano, Ijumaa Kuu msalaba ubusiwe na mwadhimishaji peke yake, na katika sala kuu iongezwe nia kwa ajili ya wagonjwa, marehemu na waliopotewa na tumaini. Februari 2021 tulielekezwa tena huko huko, na askofu wa mahali akaachiwa kupima hali ya watu wake. Mlipuko mwingine utakuja na barua nyingine. Paroko aiombe jimboni mapema, na kikaoni isomwe yote kwa sauti. Barua inayosimuliwa tu kwa kinywa, ikifika kigango cha tatu imeshakuwa barua nyingine.

Kama mnataka kuongeza idadi ya Misa ili watu wasisongamane, kumbukeni padre si mashine, na sheria ya Kanisa haimruhusu kuadhimisha kadiri apendavyo. Kanuni ya 905 inasema Misa moja kwa siku. Askofu anaweza kuruhusu mbili kukiwa na sababu, na tatu Dominika na sikukuu za amri pakiwa na hitaji la kichungaji. Pigeni hesabu yenu ndani ya hapo.

Gaweni watu kwa jumuiya

Msitumie utaratibu wa anayewahi ndiye anayeingia. Huo unawapa nafasi wanaoishi jirani na kanisa na kumwacha nje mama aliyetoka kigangoni alfajiri, mtoto mgongoni, matope mpaka magotini. Sisi tunagawa kwa jumuiya ndogo ndogo: za karibu zinapata Misa ya kwanza, za mbali Misa ya pili, na ratiba inatolewa wiki mbili kabla. Kila mwenyekiti wa jumuiya ana daftari la watu wake. Likitokea tatizo baada ya Misa, daftari hilo ndilo linalotuonyesha nani alikaa na nani, na mhudumu wa afya wa kijiji hapati shida.

Mwenye homa, kikohozi au mafua abaki nyumbani, hata kama ndiye msoma somo la kwanza. Wengi wetu tulijifukiza wakati ule na sina ugomvi na nyungu, ila nyungu si kibali cha kuja kukaa kwenye benchi unakohoa.

Jambo jingine linataka busara. Mkoa wetu wa Njombe ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na tuna wazee wengi wenye presha, kisukari na pumu. Viti vya karibu na madirisha na milango watengewe watu hao, lakini asitajwe mtu hadharani wala pasiwe na kona inayoitwa ya wagonjwa. Tangazeni hivi: "Yeyote anayejisikia kukaa karibu na hewa, viti vya pembeni ni vyake." Watu wataelewa wenyewe na hakuna atakayeaibika.

Maji ya kunawa

Senta tunaweka ndoo za koki kila mlango, vigangoni tunatengeneza vibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kuning'inizwa. Tatizo la Njombe ni ubaridi wa maji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu huchovya ncha za vidole na kupita. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ndio walioleta dawa: birika kubwa la maji moto kutoka jikoni kwa paroko, linamiminwa kwenye kila ndoo mpaka maji yawe vuguvugu. Tangu hapo watu wananawa mpaka viganjani na kati ya vidole, na foleni inakwenda. Wapeni vijana wawili kazi ya birika hilo tu.

Salamu ya amani tunaitoa kwa kuinamisha kichwa. Hata nje, "kamwene", salamu yetu ya huku, tunaisema bila kushikana mikono.

Siku zenyewe

Matawi hayana ugumu. Kila familia ije na tawi lake kutoka nyumbani, la ukindu au jani lolote la kijani, yasigawiwe mlangoni. Baraka zifanyike uwanjani.

Kitubio kinataka mahali. Kiti cha maungamo kilichojificha gizani hakifai wakati wa ugonjwa wa hewa. Toeni mabenchi mawili nje, chini ya mti au ukumbini kwenye baraza, padre na mtubu wakae ubavu kwa ubavu wakiangalia upande mmoja, barakoa puani. Foleni ikae mbali kabisa, na kwaya ifanye mazoezi yake wakati huo huo upande wa pili, maneno ya mtu yasisikike.

Komunyo ya wagonjwa majumbani ipangwe Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu. Jumamosi Kuu hupelekewa walio kufani tu, kwa hiyo mkimsahau Bibi wa kule bondeni Ijumaa, mmemsubirisha hadi Pasaka yenyewe. Orodha itoke kwa jumuiya, na wahudumu wa Ekaristi wanawe kabla ya kuingia kila nyumba.

Ijumaa Kuu msalaba uinuliwe, watu waabudu kwa kupiga goti kutoka walipo. Huku kwetu kuubusu ni jambo la moyoni sana, na kuna waliolia siku ya kwanza walipoambiwa wasiubusu. Msiharakishe hapo. Ukimya uachwe urefuke, kwaya iimbe polepole, msalaba upitishwe katikati ya kanisa ili kila mmoja auone kwa karibu.

Mkesha

Mkesha ndio wenye kazi. Moto uwashwe nje, uwanjani, kuni za miwati kavu ziwe zimewekwa ndani tangu Jumatatu, maana mvua ya Aprili haiulizi. Andaeni na turubai. Hapa kuna hatari ambayo kamati nyingi haziifikirii: kitakasa mikono ni alkoholi, na alkoholi inashika moto. Chupa zote zikae mbali na moto na meza ya mishumaa, na mtu aliyepaka kitakasa asubiri mikono ikauke kabisa ndipo apewe mshumaa. Usiku wa Mkesha sisi tunatumia sabuni na maji peke yake.

Mishumaa midogo kila mtu aje nayo. Kwa desturi mwanga hupita kutoka kwa jirani hadi jirani, vichwa vikikutana juu ya utambi. Badala yake watumikiaji wachukue mwanga kwenye Mshumaa wa Pasaka, wapite njia ya kati, wamwashie mtu wa mwisho wa kila benchi, naye anyooshe mkono kwa anayefuata bila kuinama. Kuzima ndiko kugumu, kwa sababu watoto wote wa dunia huzima kwa kupuliza. Wekeni kopo la mchanga mwishoni mwa kila benchi, mshumaa uchomekwe humo kichwa chini. Watoto waonyesheni kabla, watapenda kuliko kupuliza.

Masomo ya Mkesha ni tisa, saba ya Agano la Kale na mawili ya Agano Jipya. Pakiwa na sababu, ya Agano la Kale yanaweza kupunguzwa hadi matatu, lakini Kutoka sura ya 14, kuvuka bahari, lazima lisomwe. Mkitaka kufupisha muda wa watu ndani, fupisheni hapo, wala msiiguse Mbiu ya Pasaka, ule wimbo mrefu wa kutangaza ufufuko. Watu waliofiwa mwaka huo wanahitaji kuisikia nzima, wamesimama gizani, mwanga mkononi. Kwaya iwe ndogo na itawanyike, na kila mwimbaji awe na kitabu chake.

Komunyo ni mikononi. Kwa wazee wetu hili lilikuwa zito. Babu mmoja aliniambia, "Mwanangu, tangu komunyo ya kwanza Tosamaganga napokea kwa ulimi, leo mikono hii ya jembe imshike Bwana?" Nilimjibu, "Babu, Wakristo wa Yerusalemu walipokea mikononi tangu karne ya 4. Askofu wao, Mtakatifu Sirili, aliwafundisha mkono mmoja uwe kiti cha enzi kwa mwenzake, kwa kuwa wanampokea Mfalme." Akakaa kimya, kisha akaomba nimwonyeshe. Kushoto juu, kulia chini, viganja vimelala wazi. Sema "Amina", sogea hatua moja pembeni, ushushe barakoa, ule hapo hapo mbele ya padre, usiondoke nayo. Fundisheni hivyo jumuiyani kabla ya Juma Kuu, kwa mikono mitupu, na mzee afundishwe na mzee mwenzake.

Kuwarudisha waliokaa nyumbani

Baada ya Pasaka utaona mabenchi yenye mapengo. Wengi walizoea Misa ya Radio Maria jikoni, uji ukichemka. Kardinali Robert Sarah, aliyekuwa akisimamia mambo ya ibada Vatikano, aliandika mwaka 2020 kwamba hakuna matangazo yanayolingana na kushiriki mwenyewe, na ni kweli, lakini ukweli huo ukitupwa kutoka mimbari kama lawama, anayeusikia ni yule aliyekuja tayari. Aliyebaki nyumbani anafuatwa kwa miguu. Watu wawili wa jumuiya waende, wasimame uani, wasikilize kwanza.

Mtakachosikia mara nyingi si hofu ya ugonjwa. Ni deni. Biashara zilikufa, viazi viliozea shambani kwa kukosa mnunuzi, zaka haijalipwa na mchango wa ujenzi uko nyuma, na mtu anaona aibu kurudi jina lake likiwa na mstari mtupu kwenye daftari. Kubalianeni na paroko mapema kwamba wanaokwenda kutembelea hawabebi daftari la zaka wala hawaulizi habari zake, kisha jambo hilo litangazwe wazi. Naliamini hili kwa moyo wote.

Kuna na familia zilizozika haraka, bila jamaa kukusanyika. Misa ya kuwaombea marehemu hao ipangwe baada ya Oktava ya Pasaka, maana ndani ya siku hizo nane haifanyiki, na majina yakusanywe kigango kwa kigango.

Waambieni watu pia kwamba Kipindi cha Pasaka ni siku hamsini. Amri ya Kanisa ya kupokea Komunyo walau mara moja kwa mwaka wakati wa Pasaka inatimizwa hata wiki ya tano, kwa hiyo mwenye hofu ya msongamano aje Misa ya katikati ya juma, watu wakiwa wachache. Wiki moja kabla ya Pentekoste wenyeviti walete madaftari yao. Ambao bado hawajaonekana, paroko apewe majina na siku ya kuwatembelea.